Barabara Kuu ya A1: Inakopita, Anayeitunza na Inavyomhusu Mkaazi wa Kabuchai

Gunia la vitunguu linalopakiwa alfajiri sokoni Chwele huenda likafunguliwa Lodwar, mamia ya kilomita upande wa kaskazini. Kutoka Chwele lori huelekea Kimilili, kisha Kamukuywa, na hapo huingia Barabara Kuu ya A1. Kuanzia hapo njia ni moja tu: Kiminini, Kitale, Kapenguria, milima ya Pokot, halafu nyanda kavu za Turkana. Barabara ikiwa nzuri, mzigo hufika ukiwa bado na thamani. Daraja moja likivunjika, mkulima wa Kabuchai huhisi hasara hata kama daraja hilo hajawahi kuliona.

Barabara ya A1 haipiti ndani ya Kabuchai. Hata hivyo, hakuna barabara nyingine inayogusa bei ya mazao, nauli ya matatu na safari ya wagonjwa kwenda hospitali za Webuye na Kitale kama hii. Makala haya yanaeleza njia yake, misitu na miji midogo inayopitiwa, na mahali ambapo mwananchi anafaa kupeleka malalamiko yake.

Kutoka Isebania hadi Nadapal

A1 huanza Isebania, kwenye mpaka wa Kenya na Tanzania. Hupitia Migori, Rongo, Kisii na Oyugis, kisha Ahero, na kufika Kisumu kando ya Ziwa Victoria. Kutoka Kisumu hupanda kuelekea kaskazini, huvuka mstari wa ikweta na kuingia Kaunti ya Vihiga kupitia Majengo, Mbale na Chavakali. Kutoka hapo hufika mjini Kakamega, kisha Malava, na kuvuka Mto Nzoia kabla ya kuingia Webuye.

Webuye ni njia panda kubwa ya Kaunti ya Bungoma. Hapo A1 hukutana na A8, barabara inayotoka Mombasa kupitia Nairobi, Nakuru na Eldoret kuelekea Bungoma na mpaka wa Malaba. Wazee wengi bado wanaikumbuka nambari yake ya zamani, A104. Malori yanayoenda Uganda hushika upande wa magharibi, na yale yanayoenda Kitale na Turkana hushika upande wa kaskazini.

Kutoka Webuye hadi Kitale ni mwendo wa kilomita 60 hivi. Ndani ya kaunti yetu barabara hupitia Lugulu, Misikhu na Kamukuywa, kisha huingia Kaunti ya Trans Nzoia na kupitia Kiminini hadi Kitale. Mbele ya Kitale iko Makutano na Kapenguria, mji ambako Mzee Jomo Kenyatta na wenzake watano walishtakiwa kati ya 1952 na 1953. Baada ya hapo msafiri hupita Chepareria, Ortum, Marich, Kainuk, Lokichar, Lodwar, Kakuma na Lokichoggio, hadi Nadapal kwenye mpaka wa Sudan Kusini.

Kwa hiyo barabara hii moja inaunganisha nchi tatu. Pia ndiyo njia kuu ya lami inayopeleka vyakula vya Magharibi na Trans Nzoia hadi Turkana.

Kwa nini inapita inakopita

Wakaazi wa Kabuchai huuliza mara kwa mara kwa nini barabara kuu iliwapita pembeni. Sehemu ya jibu inaonekana kwenye sura ya ardhi.

Upande wa magharibi uko Mlima Elgon, ambao kilele chake kirefu zaidi, Wagagai, kiko upande wa Uganda kwenye mwinuko wa mita 4,321. Upande wa mashariki iko milima ya Cherangani. Kati yake kuna uwanda wa Trans Nzoia, na Kitale iko humo kwenye mwinuko wa karibu mita 1,900. Anayetoka ziwani kwenda kaskazini hupata mlango hapo, kati ya milima miwili, bila kulazimika kupanda mlima wowote kati ya hiyo. A1 hufuata mlango huo.

Kabuchai nayo iko kwenye miteremko ya Elgon upande wa kusini. Mito inayotoka mlimani, kama vile Kuywa na Chwele, hukata ardhi yake kuelekea Mto Nzoia. Ni ardhi yenye rutuba, lakini kila bonde linahitaji daraja au kalavati. Ndiyo maana barabara za huko ni nyingi na fupi, zenye kona na miteremko, ilhali barabara kuu imeshika ardhi iliyo wazi zaidi upande wa mashariki.

Reli nayo ilichangia kuvuta miji. Reli ya kwenda Uganda ilipita Webuye, iliyoitwa Broderick Falls wakati wa ukoloni, na tawi la kwenda Kitale lilifunguliwa mwaka wa 1926. Mahali treni iliposimama palijengwa maghala, maduka na viwanda. Kiwanda cha karatasi cha Pan African Paper Mills kilichoanza kazi Webuye miaka ya 1970 kilitegemea magogo yaliyobebwa kwa barabara kutoka misitu ya maeneo ya juu. Kiwanda hicho kiliposimamisha kazi mwaka wa 2009, wauzaji wa vyakula, wenye nyumba za kupangisha na madereva walihisi pigo hilo mara moja.

Misitu iliyo njiani

Anayesafiri kwa A1 kutoka Kisumu huona misitu mitatu inayofaa kutajwa.

Wa kwanza ni Msitu wa Kakamega, ulio mashariki mwa barabara. Huu ndio mabaki ya pekee nchini Kenya ya misitu ya mvua iliyowahi kuenea kutoka Afrika ya Kati. Sehemu yake ya kaskazini, Buyangu, husimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, na mgeni huifikia kwa kuacha barabara ya Kakamega–Webuye. Sehemu ya kusini iko chini ya Shirika la Huduma za Misitu, KFS.

Wa pili ni Msitu wa Malava. Huu ni mdogo, lakini barabara kuu hupita katikati yake. Kwa dakika chache abiria huacha mashamba ya miwa na kuingia kwenye kivuli cha miti mikubwa, na mara nyingi kima huonekana ukingoni mwa lami wakingoja vyakula vinavyotupwa na wasafiri. Tabia hiyo ya kuwatupia chakula ni hatari. Wanyama huzoea kukaa barabarani na kugongwa, na dereva anayejaribu kuwakwepa anaweza kugongana na gari linalotoka mbele.

Wa tatu ni Msitu wa Kamatira, mbele ya Kapenguria, ambako barabara hupinda kwenye milima. Ni mahali pazuri kwa macho, lakini kona ni kali, na ukungu na matope hufanya mwendo wa kasi kuwa wa hatari.

Msitu unaowahusu zaidi wakaazi wa Kabuchai ni ule wa Mlima Elgon, ingawa A1 haiupitii. Mlima Elgon ni mojawapo ya vyanzo vikuu vitano vya maji nchini, pamoja na Mlima Kenya, Aberdare, Mau na Cherangani. Mvua inayonyonywa na msitu huo hushuka polepole kupitia mito yetu hadi Nzoia, na hatimaye Ziwa Victoria. Miti ikikatwa kwenye miteremko, maji hushuka yote kwa pamoja na kubeba udongo. Maji hayo hubomoa kalavati za barabara za vijijini, huziba mitaro, na mwisho huongeza mafuriko huko Budalang'i, ambako Nzoia huingia ziwani.

Barabara nzuri pia hurahisisha kazi ya wanaoiba miti. Lori linaloweza kufika ukingoni mwa msitu kwa nusu saa linaweza kutoka na mbao usiku huohuo. Kwa sababu hiyo sheria inataka anayesafirisha mbao, magogo au makaa awe na kibali cha KFS. Mwenye lori anayekubali kubeba mzigo usio na kibali naye huwa amevunja sheria, hata kama mzigo si wake.

Miji midogo na hatari zake

Misikhu na Kamukuywa zilikua kwa sababu ya barabara. Mahali ambapo njia ya kando hukutana na lami, matatu husimama. Matatu ikisimama, mama mboga hutandika gunia lake. Bodaboda nao hufuata, kisha kibanda cha chai, duka la mbolea, na baada ya miaka michache mji huwa umezaliwa.

Tatizo ni kwamba barabara kuu ilikusudiwa magari yanayopita, wala si watu wanaosimama. Sheria ya Trafiki inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa ndani ya miji na vituo vya biashara. Kwa matatu, mabasi na malori, kikomo cha nje ya mji ni kilomita 80 kwa saa. Dereva aliyeshuka kutoka Kitale kwa saa nzima bila kusimama huingia Kamukuywa akiwa bado na mwendo wa njiani. Upande wa pili, mtoto wa shule anayevuka kwenda nyumbani hajui kukadiria umbali wa lori lenye mzigo.

Matuta, alama za kuvukia na vibao husaidia, lakini mpangilio wa soko husaidia zaidi. Wauzaji wakisogea nyuma ya mtaro, dereva na mnunuzi huonana mapema. Bodaboda wakiwa na steji yao kando ya njia panda badala ya kusimama juu yake, magari yanayoingia kutoka upande wa Kimilili hupata nafasi ya kuona. Kazi hii ya kupanga masoko, maegesho na taa za barabarani iko chini ya serikali za kaunti kwa mujibu wa Ratiba ya Nne ya Katiba ya 2010, hata pale ambapo lami yenyewe ni ya serikali ya kitaifa.

Anayeitunza barabara ni nani

Mwananchi akiona shimo barabarani, swali lake la kwanza huwa moja: aambiwe nani? Jibu hutegemea daraja la barabara.

Sheria ya Barabara ya mwaka wa 2007 iliunda mamlaka tatu. Mamlaka ya Barabara Kuu, KeNHA, husimamia barabara kuu za kitaifa, zikiwemo zenye herufi A na B. Mamlaka ya Barabara za Mashambani, KeRRA, husimamia barabara za kitaifa za mashambani zenye herufi C. Mamlaka ya Barabara za Mijini, KURA, hushughulikia barabara za kitaifa zilizo mijini. Barabara za kaunti, ambazo ni zile za daraja la D kwenda chini, ziko mikononi mwa serikali ya kaunti. Mpangilio huu wa madaraja ulichapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali mwezi Januari 2016.

Hivyo shimo lililo kwenye lami kati ya Webuye na Kamukuywa ni kazi ya KeNHA. Njia ya changarawe inayotoka kijijini kwenda kwenye zahanati, kwa kawaida, ni kazi ya kaunti. Njia zinazounganisha Chwele na Kimilili, Bungoma kupitia Kibabii, na mpaka wa Lwakhakha hupita katika wadi kadhaa, na mwananchi asiyejua daraja la barabara anaweza kuuliza katika ofisi ya msimamizi wa wadi kabla ya kuandika barua. Malalamiko yanayofika ofisi inayohusika, yakiwa na jina la mahali na alama iliyo karibu, kama vile shule au daraja, hushughulikiwa kwa urahisi kuliko yale yanayosema tu kwamba barabara ni mbaya.

Pesa za ukarabati hutoka kwa kila anayenunua mafuta. Ushuru wa Matengenezo ya Barabara hukatwa kwa kila lita ya petroli na dizeli. Ulikuwa shilingi 18 kwa lita, ukapandishwa hadi shilingi 25 mwezi Julai 2024. Mwendeshaji bodaboda anayejaza lita mbili Chwele huwa amechangia shilingi 50 za kutunza barabara. Ana kila haki ya kuuliza zimefanya nini.

Hifadhi ya barabara na fidia

Barabara ni pana kuliko lami inayoonekana. Pande zote mbili kuna ardhi iliyotengwa kwa mitaro, nguzo, mabomba na upanuzi wa baadaye. Hiyo ndiyo hifadhi ya barabara, na upana wake hutofautiana kulingana na daraja la barabara. Mipaka yake huonekana kwenye ramani za upimaji ardhi.

Kujenga kibanda, ua au duka la kudumu ndani ya hifadhi bila idhini ya mamlaka husika ni kinyume cha sheria. Upanuzi unapofika, aliyejenga humo huamriwa kuondoka, na madai yake ya fidia ya ardhi huwa hayana msingi. Familia nyingi nchini zimepoteza akiba ya miaka kwa sababu waliuziwa kipande cha hifadhi na mtu aliyejiita mwenye shamba. Kabla ya kununua ploti kando ya barabara, mnunuzi anashauriwa kufanya upekuzi katika ofisi ya ardhi na kumtumia mpimaji aliyeidhinishwa.

Hali ni tofauti kwa mwenye hati halali ambaye shamba lake linahitajika kwa barabara mpya. Kifungu cha 40 cha Katiba kinamlinda. Ardhi yake haiwezi kuchukuliwa ila kwa manufaa ya umma, na lazima alipwe fidia ya haki bila kuchelewa. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012, Tume ya Kitaifa ya Ardhi hutangaza nia ya kuchukua ardhi, hufanya kikao cha kusikiliza wenye ardhi, kisha hutoa kiwango cha fidia. Asiyeridhika anaweza kukata rufaa. Jambo muhimu ni kuhudhuria kikao hicho na nakala za hati, kitambulisho na orodha ya miti, mazao na nyumba zilizo kwenye shamba. Pale ambapo shamba bado lina jina la babu aliyefariki, familia inafaa kuanza urithi mapema, kwa sababu malipo hukwama mikononi mwa majina yasiyo na wenyewe.

Mradi mkubwa wa barabara pia huhitaji tathmini ya athari kwa mazingira chini ya sheria ya mazingira ya 1999, na Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, hupokea maoni ya umma kabla ya kutoa leseni. Huo ndio wakati wa kuuliza maji ya mtaro yatamwagwa wapi na changarawe itachimbwa shamba la nani.

Maji na mizigo

Lami huharibiwa na mambo mawili makubwa: maji na uzito.

Maji yakisimama kando ya barabara hupenya chini ya lami na kulainisha msingi. Gari zito likipita, lami hubonyea, kisha hupasuka. Mtaro ulioziba kwa taka za soko huanzisha shimo, na mwenye boma aliyeziba kalavati ili apate njia ya kuingilia huwa amefanya vivyo hivyo.

Mwezi Novemba 2019 nchi nzima iliona nguvu ya maji. Mvua kubwa ilileta maporomoko ya ardhi katika Kaunti ya West Pokot, watu wengi wakapoteza maisha, na madaraja kwenye barabara ya Kitale–Lodwar yakabebwa na mafuriko. Pale njia hiyo inapokatika, lori la nyanya lililo Kitale haliwezi kungoja.

Kuhusu uzito, sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaweka kikomo cha tani 56 kwa lori kubwa zaidi lenye mzigo, na kila ekseli ina kikomo chake. Mizani ya Webuye iko kwa sababu hiyo. Lori lililozidisha mzigo humpa mwenyewe faida ya siku moja, lakini hasara ya barabara hulipwa na kila mtu. Trekta la miwa na lori la mchanga yanayokwepa mizani kwa kupitia njia za vijijini huharibu zaidi, kwa sababu njia hizo hazikujengwa kwa mzigo huo.

Nafasi ya mwananchi

Kila mwaka wa fedha, unaoanza Julai 1, kaunti hupanga barabara zitakazofanyiwa kazi. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa kwa Bunge la Kaunti kufikia Septemba 1. Taarifa ya mwelekeo wa fedha huwasilishwa kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Kabla ya kila hatua sheria inataka maoni ya wananchi yachukuliwe.

Kwa mkaazi wa Chwele, Mukuyuni, Luuya, Bwake au Nalondo, ombi lenye uzito ni lile linaloonyesha jinsi njia ya kijiji inavyoungana na barabara kuu. Kikundi kinachosema kwamba kalavati fulani ikitengenezwa maziwa na mboga za vijiji vitatu zitafika sokoni hata wakati wa masika, na kuandika majina ya vijiji hivyo, huwapa wapangaji sababu ya kuiweka juu kwenye orodha. Maombi kama hayo huwasilishwa kwa maandishi kwa msimamizi wa wadi au mwakilishi wa wadi, na anayewasilisha anafaa kubaki na nakala iliyopigwa muhuri.

Kazi nyingine haihitaji bajeti. Wenye maduka wa soko moja wanaweza kukubaliana siku ya kusafisha mtaro kabla ya mvua za Machi. Shule iliyo karibu na lami inaweza kumweka mtu mzima wa kuwavusha watoto asubuhi na jioni. Chama cha bodaboda kinaweza kukataza kuegesha kwenye njia panda. Mwenye shamba kwenye mteremko anaweza kupanda nyasi na miti kwenye makinga-maji ili udongo wake ubaki shambani badala ya kuishia kwenye kalavati ya jirani.

Gunia lililotoka Chwele alfajiri hutegemea mikono mingi: aliyezibua mtaro, dereva aliyepunguza mwendo Kamukuywa, mhandisi aliyekagua daraja na mkulima aliyeacha miti isimame ukingoni mwa mto. Mmoja wao akizembea, gunia huozea njiani, na mwenye vitunguu hurudi nyumbani bila karo ya watoto.